Kabati ya Torati na Miti Yake ya Kubebea

Floribert Ngabu Lossa: babu yake alichonga mitumbwi kule Kasenyi, na ule mmoja uliozama ulizamishwa na ulevi wa mwenyewe. Baba yake alitengeneza vitanda vya kwanza Mudzipela visivyolia usiku, na wamama walimusalimia kwa heshima ya pekee. Yeye Floribert anatengeneza makabati. Moja tu ilitaka kumuharibia jina.

Jamaa chache hapa Bunia zinasali namna ya Wayahudi. Walipata Torati ya kweli, iliyoandikwa kwa mukono juu ya ngozi na kuzungushwa kwa vijiti viwili. Muzee Aristide, mukubwa wao, akafika kwa Floribert.

"Tengenezea Torati nyumba yake. Kabati ya kusimama kwa ukuta, upande wa Mahagi, kaskazini, maana Yerusalemu iko kule. Pazia mbele. Ikifunguliwa, siye wote tunasimama."

"Hata mwenye magoti mabaya?"

"Hata weye, Mukatoliki."

Floribert akatoa mbao nyekundu za Niania alizochunga kwa sanduku lake mwenyewe la kuzikiwa. Akasema kufa kutangoja kidogo.

Kabati ilingaa. Lakini kila ubavu aliweka pete za chuma, na ndani ya pete muti murefu.

"Hii ni nini?" Aristide akauliza.

"Ya kubebea. Katika kitabu cha Kutoka, sanduku la agano lilikuwa na miti, na ilikatazwa kuitoa."

"Wakati ule watu walikuwa njiani, Floribert. Yetu inakumbusha lile sanduku, lakini yenyewe imefika, inakaa. Kata miti, ao ubakie na kabati yako."

"Imefika wapi? Bunia?" Floribert akacheka. "Muzee, wakati wa vita ulikimbia mpaka Marabo na nini mukononi?"

Mutaa muzima unajua. Biblia yake ilibaki juu ya meza.

"Jogoo," Aristide akasema polepole.

"Jogoo! Kwa sababu jogoo ana miguu ya kushikia. Mupe na Torati miguu ya kwake."

Muzee akacheka mpaka akapanguza macho. "Acha miti."

Siku ya kuiingiza katika nyumba yao ya kusalia, miti ikagonga mulango huku na huku. Wakageuza, wakainamisha, wapi! Wamama tukashika mbavu.

"Sasa tukate?" mutu akauliza.

"Kateni ukuta," Aristide akajibu.

Wakakata. Pazia nilishona mimi, na haina mukunjo mubaya hata moja. Ilipovutwa mara ya kwanza, wote walisimama, na magoti ya Floribert yalisikika mpaka inje.

Sasa magoti hayo yamekataa kazi. Juzi alimuita binti yake Christella.

"Mama, pete zinataka mafuta kila mwaka mbele ya mvua. Hiyo ni kazi yako. Na siku mbio ya vita ikikuja, weye unabeba mbele."

"Na nyuma, papa?"

"Muzee Aristide. Lakini kwanza umunyanganye jogoo."