Kivuli cha Kumi na Saba

Nusu ya mabwana harusi wa Ifakara waliooa katika miaka ile ya hamsini walioa ndani ya koti moja. Lilikuwa koti jeusi la Kelestini, mpiga picha, na lilining'inia kwenye msumari karibu na shuka jeupe alilotundika ukutani. Mnene aliliacha bila kulifunga vifungo, mwembamba alibanwa pini mgongoni, na wote walitoka kwenye picha wakiwa na uso wa mtu anayesomewa hukumu. Kelestini hakuwacheka. Picha ikishakauka aliigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu ya wino: jina la mtu, la baba yake, kijiji, siku. Akija mtu ambaye jina lake hapendi kulitaja, Kelestini hakumpiga picha.

Watu walidhani ni mwandiko wa shule ya misheni unamwasha mkono. Haikuwa hivyo. Kelestini aliwahi kushiriki kutengeneza picha isiyo na mtu hata mmoja, na kwa miaka mitatu picha hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa kambale.

Ilikuwa 1952. Alikuja mzungu mmoja mchoraji, mrefu, mwenye ndevu za rangi ya kutu, na masanduku kumi na moja. Watu wa Mofu walimwita Bwana Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolitumia kuliko yote. Alichora kwa brashi na kupiga kwa kamera ya miguu mitatu, na alichokuwa akikitafuta ni pori. Alikuwa amesafiri wiki tano baharini na barabarani kulifuata. Siku ya kwanza kwenye kivuko cha Kilombero alimkuta katekista amepanda baiskeli, nyuma yake akina mama saba wenye miavuli wakitoka misa. Bwana Subiri alikaa juu ya sanduku, akashika tama kama mfiwa.

Kelestini, aliyekuwa amesoma mpaka darasa la sita, aliajiriwa kubeba fito za kusimamishia mbao ya kuchorea na vioo vya kamera. Alibeba, na alijifunza. Kanuni za Bwana Subiri alizishika kama alivyozishika za katekisimu: mti usimame pembeni, maji yapite katikati, mbingu ichukue theluthi mbili. Mtu, kama hana budi kuwepo, awe mmoja, mdogo, hana shati, na atazame kwingine. Baiskeli kamwe. Bati kamwe. Kijana alianza kuliona bonde alilozaliwa kwa macho yale, na alilipenda upya. Ila kila alipolitazama alijikuta akiondoa kitu.

Mwezi wa saba Bwana Subiri akachagua Kitokoni. Kitokoni ni mashamba ya mpunga ya watu wa Mofu, ng'ambo ya mto, penye mivumo miwili, miti mirefu ya jamii ya mnazi, iliyosimama kama watu walionuniana. Watu huhamia huko mvua zikianza, hulala kwenye madungu wakifukuza ndege na viboko, na mavuno yakiisha hurudi kijijini. Domitila, mama yake Kelestini, alifia huko mwaka mmoja nyuma, wakati maji yamejaa na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka na maiti. Wakamzika palepale chini ya mvumo wa kushoto. Msalaba aliuchonga Kelestini mwenyewe kwa mbao ya mninga, na dada yake mkubwa, Verediana, ndiye aliyeusimika. Tumbo la Domitila lilitoa hao wawili tu.

Watu waliposikia mgeni anakuja kupiga picha shamba lao, walifanya ambacho watu wa Mofu hufanya mgeni anapokuja: walifagia. Mavuno yalikuwa yamekwisha na safari ya kurudi imekaribia, basi wakaona ni aibu mgeni akute makuti yaliyochakaa. Wakabomoa madungu, wakazima meko na kufukia majivu, wakashusha vyungu na magunia mtumbwini. Shamba likawa jeupe kama kiganja. Kisha wakavaa nguo za Pasaka, wakajipanga mistari miwili, watu kumi na sita, warefu nyuma.

Bwana Subiri alishukuru sana kwa ule usafi. Akawaomba wahame wote waje wasimame nyuma ya kamera.

Wasichokijua ni kwamba Kelestini alikuwa amefika chini ya mvumo kabla hawajaanza kujipanga. Jana yake jioni Bwana Subiri alikuwa ametazama ndani ya kamera, akanyosha kidole kuelekea mvumo wa kushoto, akasema kile kijiti kinaharibu. Kesho kitolewe, kwa dakika tano tu. Kelestini hakumwambia kile kijiti ni cha nani. Alikuwa na miaka ishirini, alikuwa amejifunza namna picha inavyotakiwa kuwa, na kwa kweli kile kijiti kilikuwa kinaharibu. Alfajiri aliung'oa msalaba wa mama yake, akauchanganya na zile fito anazobeba siku zote, akazitia zote begani. Waliomwona wakaona fito za bwana tu. Verediana alikuwa amebaki kijijini na mtoto mgonjwa.

Jua lilikuwa mgongoni mwao, bado liko chini. Picha ikapigwa. Papo hapo Bwana Subiri akaona mwanga mwingine mzuri kwenye kona ya mto, akapiga makofi, na mtumbwi ukang'oa nanga ukiwa na fito zote, na msalaba katikati yake. Kelestini alijiambia ataurudisha jioni. Jioni mpishi wa Bwana Subiri, ambaye naye alihitaji kijiti, alikuwa ameshatundikia birika.

Mwezi wa kumi na moja watu waliporudi Kitokoni kulima, walikuta moto wa nyasi umepita kama kila mwaka. Kelestini akamwambia dada yake kwamba msalaba umekwenda na moto. Hakusema uongo kabisa. Baadaye mafuriko yakalisawazisha kaburi, na kila mtu akawa na pahala pake anapopakumbuka. Kelestini alitaka kuchonga msalaba mwingine waukite karibu-karibu. Verediana alikataa.

"Mama si mpunga, Kele," alimwambia. "Hapandwi popote."

Kukawa na jambo la pili, ambalo Kelestini hakumwambia hata padri. Ni yeye aliyeisafisha ile picha. Mchana mmoja, ndani ya kibanda kilichozibwa kwa mablanketi, aliitikisa karatasi kwenye dawa, na kabla mivumo haijatokea, chini kabisa vilitokea vivuli. Jua la mgongoni lilikuwa limewalaza wote kumi na sita kwenye nyasi mbele ya kamera, vichwa, kofia na mabega. Ukiacha kile cha bwana na kamera yake, pembeni kikaja cha kumi na saba, mtu mwenye fito begani, na katikati ya fito msalaba uliokamilika, mikono imenyoshwa. Bwana Subiri alitukana kwa lugha yake, akaagiza sehemu ya chini ifunikwe kwa karatasi ngumu, kama fremu. Kelestini aliikata karatasi hiyo kwa mkono wake, na alipoibandika alishusha pumzi. Alipoondoka, Bwana Subiri alimwachia kamera moja kuukuu kama shukrani.

Mwaka 1955 serikali ilianza kulipima bonde. Likaitishwa baraza Ifakara, watu wa Mofu wakaitwa, na Kelestini akaitwa pia, kwa kazi yake, aje alipige picha baraza lenyewe. Bwana shauri, afisa wa wilaya, mzungu kijana aliyekijua Kiswahili vizuri, alieleza kwa upole kwamba Kitokoni ni ardhi tupu na itapimwa kuwa shamba kubwa la mkulima mmoja. Watu wakasema wamelima pale tangu babu zao. Akaandika. Wakasema wamezaliana pale. Akaandika. Halafu akafungua albamu kubwa yenye jalada la ngozi, ambayo Bwana Subiri aliiachia serikali, akaigeuza waione. Mivumo miwili, maji, mbingu theluthi mbili. Chini yake palikuwa na maandishi ya Kiingereza, akawasomea maana yake: nchi ambayo binadamu bado hajafika.

"Imepigwa mwezi wa saba," alisema. "Nyumba haipo, moshi haupo, mtu hayupo. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Fulgensi, mvuvi asiyekosa neno hata msibani, akasimama, kofia mkononi.

"Bwana, tulikuwa tumefagia."

Watu wengine waliinama kuficha kicheko, na wengine waliinama kwa sababu nyingine. Verediana alikuwa kwenye mkeka wa mbele, ametulia, mikono mapajani. Watoto wake wanne walikula kutoka Kitokoni. Hakuwa na shamba pengine.

Kelestini alikuwa nyuma, mkono juu ya kamera. Aliitambua ile karatasi ya chini, hata pale kisu kilipomkwepa kwenye kona. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza shamba linakwenda na dada yake anabaki. Akisema shamba huenda likabaki, na kuhusu dada yake hajui. Alitazama kisogo cha Verediana kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kumtazama mtu kabla ya kumpiga picha. Kisha akapita katikati ya watu.

"Bwana shauri, ibandueni hiyo karatasi ya chini. Chini yake kuna watu."

"Umejuaje?"

"Niliikata mimi."

Ikabanduliwa kwa kisu cha kufungulia barua. Bwana shauri aliinamisha kioo cha kukuzia, akakaa hivyo. Halafu akawaita, mmoja mmoja, na hapo ndipo baraza likachangamka kama mnada. Mama mmoja, Kandida, akakiona kilemba chake na mtoto mgongoni. Fulgensi akaiweka kofia yake kichwani, akasimama upande, kivuli chake sakafuni na kile cha kwenye karatasi vikawa ndugu. Majina kumi na sita yaliandikwa.

"Na huyu wa mwisho," bwana shauri akauliza, "mwenye msalaba? Ni padri?"

"Si padri," Kelestini alisema. "Ni mimi. Huo ni msalaba wa kaburi la mama. Niliung'oa ili picha ipendeze, ukaishia kupikia chai."

Alisema akiwa amemgeukia dada yake, si bwana shauri. Verediana hakulia wala hakutukana. Alitazama picha, akamtazama yeye, akakunja mkeka wake akatoka.

Mpaka wa wapimaji ulisogezwa, ukapita nyuma ya mivumo, kwa barua iliyosema "kwa sasa." Watu wa Mofu walimshukuru Kelestini kwa kuku wawili. Dada yake hakumpa kitu. Kila Jumapili nje ya kanisa alimwamkia, "Shikamoo dada," na kila Jumapili Verediana alipita na shikamoo ile ikabaki hewani haina pa kutua, watu wakiiona. Hilo liliendelea kwa miezi mitano. Mtu mzima anaweza kuishi bila vitu vingi. Kuishi bila marahaba ni kazi.

Mwezi wa saba uliofuata Verediana alimtuma Fulgensi amwambie Kelestini aje na picha ile na kamera. Kwa kile kioo cha picha kilichoachwa pamoja na kamera kuukuu, Kelestini alikuwa amejisafishia nakala, nzima, haina karatasi chini. Walivuka mto asubuhi. Shikamoo ya kwenye gati haikujibiwa. Verediana alikuwa na msalaba mpya mapajani, kauchonga Fulgensi. Kelestini hakuruhusiwa kuugusa.

Kitokoni, alisimama palepale iliposimama kamera ya Bwana Subiri, jua mgongoni, picha mkononi. Chini ya mvumo wa kushoto, kwenye picha, palikuwa na tuta dogo ambalo Bwana Subiri alidhani ni kichuguu. Kelestini aliinua karatasi mpaka mivumo ya kwenye picha ikakaa sawa na mivumo yenyewe.

"Mbele. Kidogo kulia. Hatua moja tena, dada. Hapo."

Verediana alisimama. Akapiga magoti, akachimba kwa panga, akausimika msalaba, akashindilia udongo kwa viganja. Alisali. Aliponyanyuka hakumtazama.

"Marahaba," alisema.

Halafu akasema, "Unangoja nini? Piga. Na jina la mama uliandike lote."

Kelestini alipiga. Katika picha hiyo, ambayo ipo mpaka leo kwa mjukuu wa Verediana, kivuli cha mpiga picha kimelala kwenye nyasi na kufika karibu na miguu ya mwanamke. Hakukifunika.