Kioo cha Nyuma Kushoto

Daktari alisema mambo matatu: jicho lisiingie maji, lisifikichwe, na lisipigwe na vumbi. Mawili ya kwanza yalimhusu mama mkwe wangu. La tatu lilinihusu mimi, kwa sababu gari ni langu.

Mama mkwe alikuwa ametoka Takaba, akaja kwetu Garissa kuondolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia likafunikwa kwa pamba na kikombe kidogo cha plastiki, naye akakaa nasi kusubiri siku ya kurudi kuangaliwa. Siku hiyo ilipofika, miadi ikiwa saa nane mchana, upepo wa hagaa, msimu wetu wa ukame na vumbi, ulikuwa kazini tangu alfajiri. Ulizoa mchanga barabarani ukaugawa nyumba kwa nyumba bila upendeleo. Tuktuk haina milango, basi ni gari langu au hakuna safari.

Saa nne nikatoka kulipangusa. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa chini. Nikaingia, nikafunga milango, nikawasha swichi ya gari, nikabonyeza kitufe cha upande wa dereva. Kimya. Nikanyoosha mkono nyuma, nikabonyeza cha mlango wenyewe. Kimya.

Sasa, mimi ni mtu wa kujitengenezea vitu nyumbani. Kumwita fundi wa umeme kungekuwa kukubali kushindwa kabla ya chai ya pili. Isitoshe, kidato cha tatu niliwahi kuwasha balbu kwa betri na nyaya mbili, na mwalimu wa fizikia akasema, "Si mbaya." Neno hilo limenigharimu vitu vingi.

Nikampigia mke wangu, ambaye ni mwalimu na alikuwa shuleni.

"Kioo hakipandi."

"Umemwita fundi?"

"Naangalia mwenyewe kwanza."

"Mara ya mwisho uliangalia pasi. Tangu hapo naenda kazini na mikunjo."

"Pasi ile ilikuwa ya zamani."

"Mama yangu pia ni wa zamani. Saa nane awe kwa daktari, na vumbi lisimguse."

Nikafungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Mfuniko umeandikwa Kijapani, kwa hiyo niliusoma kama ninavyosoma mawingu. Nikachomoa fyuzi ya kwanza, redio ikazima. Nikairudisha, redio ikawaka lakini imesahau stesheni zote. Nikachomoa ya pili, honi ikafa. Ya tatu sijui iliua nini mpaka leo. Kila moja niliinua juani nikatazama uzi wake mdogo, na kila moja ilikuwa nzima. Jambo hilo lilinichanganya zaidi kuliko kama ningekuta imeungua, maana kifaa kibovu angalau unajua umlaumu nani.

Mama mkwe alikuwa barazani, miwani myeusi juu ya pamba, tasbihi mkononi. Aliongea bila kunielekea, kwa Kisomali cha polepole.

"Gari linang'olewa meno."

"Ni fyuzi tu, hooyo," nikasema. Hooyo ni mama.

"Haye. Na dirisha?"

"Bado, hooyo."

Nikaamua kuufungua mlango wa nyuma nikitoe kitufe chenyewe. Mlango ukiwa wazi, nikakibonyeza mara ya mwisho kama kumuaga maiti. Kioo kikapanda, laini, hadi juu kabisa.

Mtu mwenye akili angefunga mlango hapo, akanawa mikono. Mimi nikataka kuhakikisha. Nikakishusha, nikafunga mlango, nikabonyeza. Kimya. Nikafungua, kikapanda. Nikakishusha, nikafunga. Kimya. Leo najua, kwa sababu baadaye fundi alinionyesha: waya ulikatika ndani ya ule mpira ulio karibu na bawaba, mlango ukifunguliwa ncha zinagusana, ukifungwa zinaachana. Siku ile sikujua habari ya waya. Nilidhani gari linajionyesha, halipandishi kioo mpaka mlango uwe wazi, watu wote waone.

"Kilikuwa kimefungwa," mama mkwe akasema. "Mara mbili nimekiona kimefungwa, na jicho ninalotumia ndilo bovu."

"Natafuta sababu, hooyo."

"Daktari hakutaka sababu. Alitaka kioo."

Saa saba na nusu nikaufungua mlango ule, nikapandisha kioo, nikauacha wazi aingie. Yeye hukaa nyuma kushoto, na hakuna wa kumwambia akae kwingine. Akaja na mtandio umefunika uso, akainama kuingia, na kiganja chake kikaenda kujishikilia pale pale penye kitufe cha kukishusha kioo.

"Toa mkono!"

Ilikuwa sauti yangu. Ng'ombe wa jirani aligeuka. Kwetu mama mkwe hapewi amri. Hata kumwomba asogeze kiti huanza na kuulizia hali ya mifugo. Miaka kumi nimezungumza naye nikitazama mkeka. Akatoa mkono, akakaa, akatazama mbele. Nikafunga mlango taratibu kama ninayefunga Msahafu. Kioo kilibaki juu.

Njia nzima mchanga ulipiga vioo vyote vinne, nami nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi, kila ninalolipata naliona fupi.

Daktari ni mtu wa bara, hajui Kisomali. Alifunua pamba, akamulika kwa tochi. "Muulize kama vumbi limemwingia."

Nikamuuliza. Mama mkwe akajibu kwa utulivu, akimtazama daktari: "Mwambie mkwe wangu amenikaripia kama mbuzi aliyeingia jikoni. Mwambie tangu baba watoto afariki hakuna aliyethubutu. Mwambie nimetoa mkono."

"Anasema hapana," nikamwambia daktari.

"Jicho ni safi kabisa. Wiki moja zaidi, vumbi lisimguse vilevile."

Tulirudi garini. Nikamfungulia mlango. Akaingia, akaiweka mikono yote miwili mapajani, moja juu ya nyingine, akasubiri nifunge. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananitii au ananicheka.