Mnyororo wa Mihayo

Mihayo, dereva wa lori la kijiji chetu cha Ngulyati, alikuwa mtu wa kuchosha. Kabla ya safari aliingia uvunguni, akagonga matairi, akakagua vitu vyake: dumu la maji, jembe, viraka, sabuni ya mche ya kuziba tangi likitoboka. Mwisho alipakia mnyororo mrefu, mnene, ulioachwa na trekta bovu. Sisi wenye magunia ya pamba tulinung'unika juani.

Njiani napo alisimama kwa kila mwenye maksai, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, baba. Jozi ngapi zinavuta siku hizi?"

Sadick, mwenye duka mjini Bariadi, ndiye aliyeongoza kumcheka. "Mihayo, hilo ni lori au plau?" Barazani kwake tulivunjika mbavu sote. Naona aibu kusema kwamba nami nilikuwemo.

Machi 1976 mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Mwanne, mke wa Sadick, alikuwa kwa mama yake hapa kijijini akisubiri kujifungua, na mumewe alikuwa amekuja kumtazama. Alfajiri uchungu ukaanza, mtoto akatanguliza mkono. Mkunga akasema hospitali, tena sasa hivi, la sivyo tutazika wawili. Tukamlaza Mwanne kwenye magodoro ndani ya lori.

Mbugani udongo mweusi ukameza magurudumu mpaka kwenye ekseli. Tukachimba, tukasukuma, lori likazidi kuzama. Mwanne aliacha kupiga kelele, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele zenyewe. Sadick akalia waziwazi.

"Kwa Mayala jozi nne, kwa Nyanda tatu," Mihayo aliniambia huku akiburuta mnyororo wake. "Wako shambani wanalima. Kimbia!"

Nilikimbia. Wazee wale waliposikia ni Mihayo, walifungua plau zao papo hapo wakaja na maksai, nira shingoni. Minyororo yao ya plau isingestahimili uzito ule. Wa Mihayo ulistahimili. Jozi saba zilivuta, lori likanguruma, likatoka! Tulipiga kelele kama vichaa.

Kabla ya adhuhuri Mwanne alijifungua hospitalini mtoto wa kiume, wote wazima.

Sadick aliuomba ule mnyororo, akauosha matope na kuupaka mafuta kwa mikono yake. Siku ya gulio akautwika begani, juu ya kanzu nyeupe, akapita nao mbele ya baraza lake mpaka kwenye lori.

"Wabeja, baba," alimshukuru Mihayo kwa Kisukuma.

Barazani tulisimama sote, tukapiga makofi.