Nafasi ya Mdogo Wangu

Nafasi ile ilikuwa ya mdogo wangu. Mwalimu wa kwaya yao ndiye aliyemchagua kwenda kwenye warsha ya muziki na mila za Hawaii, Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi wa kanisa ulio karibu na ziwa. Kila kwaya ilipewa mtu mmoja. Alifurahi hadi akafua sare ya kwaya ambayo hata haikuwa imechafuka. Lakini yuko kidato cha nne, na Jumamosi ana masomo ya ziada. Nikamwambia hapana. Wazazi wetu walipofariki mimi niliishia darasa la saba ili yeye asome, na kwa jambo la shule huwa sirudi nyuma.

"Basi nenda wewe, Dada," alisema bila kuniangalia. "Nafasi isipotee."

Nilikwenda shingo upande. Meza yangu ya dagaa pale stendi ya Buzuruga nilimwachia mwenzangu. Nilipanga kukaa nyuma, nisikilize, nikirudi nimsimulie.

Hakukuwa na nyuma. Mwalimu, mama wa makamo aliyetoka huko kwao visiwani, alitusimamisha nje ya mlango, miguu mitupu. Alieleza kupitia mkalimani kwamba kwao mtu haingii mahali pa kujifunza hivi hivi. Anaomba kwanza, anasema yeye ni nani, wa nani, na ametoka kwenye maji gani, kisha anaitwa. Zamu yangu ilipofika nilisema nimekuja kwa niaba ya mdogo wangu.

Yule mama alinitazama, akasema jambo.

"Anasema amekuuliza wewe," mkalimani akaniambia. "Mdogo wako ataulizwa akija."

Watu wakacheka. Nikataja jina langu, nikataja la baba na la mama, majina ambayo sikuwa nimeyatamka mbele za watu tangu mazishi. Nikasema maji yangu ni ya ziwa hili. Nikaitwa ndani.

Gitaa lao dogo la nyuzi nne lilinishinda. Hula, ngoma yao ya kucheza, ndiyo iliyonichukua. Magoti yanalegezwa, nyonga zinakwenda taratibu, na mikono ndiyo inayosimulia: mvua, wimbi, mtu anayeitwa aje. Sisi huku tumezoea kucheza kwa mabega na kwa kishindo, mikono imeshika jembe. Tulikanyaga kwa nguvu mpaka yule mama akaomba tuihurumie sakafu. Baadaye mikono yangu ikaelewa. Chakula cha mchana kilipoletwa ndipo nikagundua kwamba asubuhi yote sikumkumbuka mdogo wangu hata kidogo.

Jioni tulivishana mashada ya maua tuliyoyatunga wenyewe. Tuliambiwa kulivua shada mbele ya aliyekuvika ni kumkataa, na aliyenivika alikuwa jirani wa mtaa wetu, tukarudi pamoja. Kwa hiyo niliingia mtaani na maua shingoni. Mama mmoja muuza mkaa akainuka.

"Jamani, poleni. Msiba uko wapi?"

Kwetu maua ya kutungwa vile huenda kaburini.

"Hakuna msiba. Nimetoka kucheza."

"Kucheza? Wewe?"

Nyumbani mdogo wangu alikuwa ameweka maji ya ugali jikoni. Aliyatazama maua, hakuyagusa.

"Wamefundisha nini?"

"Kurusharusha mikono tu. Hukukosa kitu."

Nikakaa kuchambua dagaa, kutoa mchanga na vijiti. Sijui nilikuwa nawaza nini.

"Dada, hiyo nini?"

"Ipi?"

"Mkono wako. Umefanya hivi." Akaufanya mkono wake wimbi, mara moja tu, na ulikuwa mzuri kuliko wangu. "Halafu unasema sikukosa kitu."

Nilinawa, nikamfundisha yote palepale kando ya jiko. Alishika haraka, kama anavyoshika kila kitu. Maji yalichemka yakapungua, ikabidi aongeze mengine.

"Kesho utakwenda wewe," nikasema.

"Aliyeitwa ndani ni wewe. Mimi nitaanzia wapi? Nenda tu."

Ningeweza kukataa. Mimi ambaye neno langu nyumbani halibadiliki ningesema mara ya pili, naye angekwenda. Nikasema, "Haya," upesi mno, hata akacheka. Kicheko kile sikukipenda.

Jumapili tulicheza ufukweni mbele ya watu. Mdogo wangu alikuwa mbele kabisa ya watazamaji, amevaa ile sare ya kwaya. Tulipofika katikati ya wimbo nikasahau. Macho yangu yakamwendea yeye. Mikono yake ilikuwa chini, karibu na kiuno, kwa namna ambayo wa pembeni asingeona, ikisema wimbi, ikisema mvua. Nikamfuata yeye hadi mwisho. Watu wakanipigia mimi makofi.

Nilimshika mkono nikampeleka kwa mwalimu, nikasema huyu ndiye mdogo wangu. Yule mama akasimama wima kama alivyosimama mlangoni, akauliza, na mkalimani akatafsiri.

"Wewe ni nani, wa nani, na umetoka kwenye maji gani?"

Alijibu kwa sauti ya kwaya, jina lake, la baba, la mama, na ziwa, bila kukwama. Nyuma yetu vijana wa ukumbi walikuwa wameanza kukunja mikeka.