Mti wa Sumu na Moyo wa Mama

Enzi za Mtaliani mamangu alikuwa hawezi kutoka jikoni hadi mlangoni bila kuketi njiani. Miguu ilimvimba, na alilala kaegemea ukuta ili apate pumzi. Daktari wa Kismayo, Mtaliani, alimpima, kisha akamwambia baba jambo ambalo kisiwa chetu kizima cha Chovae kililiona wazimu: ule mti ambao wawindaji wa bara huuchemsha wakapaka mishale una kitu ndani yake kinachoshika moyo. Kikizidi, huusimamisha. Kikiwa kidogo, huenda kikauamsha. Alitaka kukitenga na kukijaribu. Baba amkatie matawi, na dawa ya kwanza itakuwa ya mama.

Baba akaenda bara, akarudi na mzigo, akautua ufuoni na kwenda kuswali. Kwetu, kuni zikiachwa ufuoni huwekewa jiwe juu; zisizo na jiwe ni za Mungu, achukue atakaye. Baba hakuweka jiwe, kwa kuwa machoni pake zile hazikuwa kuni. Ilikuwa dawa. Mamake, bibi yangu, akapita na samaki wake. Akavunja vijiti vya mzigo ule, akawatunga samaki, akabanika, akala peke yake. Namshukuru Mungu kwa uchoyo wa bibi, na Mungu anisamehe kusema hivyo. Kabla ya magharibi tulikuwa tunamwosha.

Habari ilipofika Kismayo, daktari akaja kwa mashua. Pole aliitoa, ya haraka haraka, kisha akauliza: alitapika kwanza au alianguka kwanza? Moyo ulikwendaje? Baba alijibu yote kwa adabu, na mimi nilitamani kumtia yule mtu mchanga wa macho. Matawi yaliyobaki akayachukua.

Baadaye chupa ya dawa ikaletwa kutoka kwa daktari, ndogo, ya kahawia. Mama akanyoosha mkono.

"Nipa, bwana. Nimechoka kufa kidogo kidogo."

"Kipimo chake mchu gani akijuao?" baba akajibu. "Hata mwenyewe asema ajaribu."

Akaishika mpaka adhana ya alasiri, kisha akaenda kuimwaga mchangani. Mama aligeukia ukuta. Majirani walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wakamwona baba mwenye busara. Mimi sijamsamehe. Mwezi haukwisha tukamzika mama kando ya bibi, na miaka michache baadaye, huko Kismayo, nilionyeshwa mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo kama wa mama. Alinyweshwa matone yale yale, na alikuwa sokoni, amebeba kikapu chake mwenyewe.