Injini Isiyozima na Makasia Mawili

Niliyasifu mafuta ya gia kwa weupe wake, nikasema ni mapya, yang'aa kama maziwa. Fundi niliyekwenda naye Gazi anikagulie boti kuukuu ya kubebea wageni niliyotaka kununua akajishika kiuno.

“Mzee, hayo yameingia maji ya bahari.”

Nimetembea bandari nyingi duniani, kumbe nilitembea kama shehena.

Muuzaji akaapa, “Wallahi, injini hii haijanizimikia hata siku moja! Twendeni Msambweni sasa hivi mkaone.”

Akatia makasia mawili botini, akapanda. Fundi akayatoa, akayalaza mchangani.

“Kama haizimi, haya tuyaache.”

Muuzaji akayatazama makasia, akaitazama bahari, akashuka.

“Mimi nina watoto, bwana.”