Kadi ya Mwaka ya Kuona Ndovu

Naona aibu, lakini wacha niseme. Nafanya kazi Voi, na nyumbani Rukanga nilikuwa sijafika miezi mingi. Ili nijitoe lawamani, nikamnunulia Mama kadi ya mwaka ya kuingia mbugani. Nilipiga hesabu kama mjanja: tukienda mara nne tu, kadi imejilipa.

Jumamosi, ndani ya gari lililojaa wageni, nikapaza sauti: "Mama, ona ndovu!"

Mama alishika chupa ya maji akaanza kugonga dirisha kwa nguvu, kama anavyogonga sufuria shambani. Nikacheka, nikawaomba wageni msamaha.

"Hawa walimaliza mahindi yangu wiki jana," akasema polepole. "Nilikupigia simu, mwanangu, mpaka chaji ikaisha."